Ekseli Ndogo Yenye Mota: Mwongozo kwa Wajenzi wa Malori ya LEGO Technic

Ekseli yenye mota, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni fungu moja la vipande linalobeba magurudumu mawili ya lori la kuchezea, gia zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha, pamoja na mota inayoziendesha gia hizo. Katika lori halisi kazi hiyo hufanywa na chuma kigumu kinachozunguka ndani ya beringi na kulainishwa kwa oili, ilhali katika lori la matofali ya LEGO Technic hufanywa na shafti za plastiki zenye mkato wa msalaba, zinazozunguka ndani ya matundu ya plastiki pasipo beringi wala oili. Kwa sababu hiyo ekseli ndiyo huwa sehemu ya kwanza kushindwa lori linapokutana na mlima: gia huruka meno, shafti hujisokota, na magurudumu hulala upande kwa uzito wa mzigo. Sehemu kubwa ya kasoro hizi hutokana na uamuzi mmoja unaofanywa mapema mno na bila kufikiriwa vya kutosha, yaani mahali pa kuweka upunguzaji wa mwendo. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba upunguzaji mkubwa kuliko wote unapaswa kuwa wa mwisho, karibu kabisa na gurudumu.

Kabla ya kufika huko, mjenzi hana budi kuvielewa vipimo. Kampuni ya LEGO, iliyoanzishwa mwaka 1932 katika mji wa Billund nchini Denmark, ilitoa mwaka 1977 mfululizo wa vipande vya kiufundi ambao baadaye uliitwa Technic, na vipande hivyo hufuata kipimo cha kinundu kimoja, ambacho ni milimita 8 kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata. Gia zake zimechongwa kwa namna ambayo nusu ya idadi ya meno ndiyo nusu kipenyo cha gia kwa milimita, hivyo gia ya meno 24 ina nusu kipenyo cha milimita 12. Kutokana na kanuni hii, umbali kati ya shafti mbili sambamba ni jumla ya meno ya gia zake kugawanywa kwa mbili: meno 8 na meno 24 hukutana kwa milimita 16, yaani vinundu 2 kamili, na ndivyo ilivyo pia kwa 12 na 20 au 16 na 16, ilhali 8 na 40 huhitaji vinundu 3. Meno 16 na 24 huangukia vinundu 2 na nusu, na ingawa nusu hiyo inaweza kupatikana kwa vipande maalumu, katika ekseli ndogo kila kipande cha ziada hula nafasi ambayo haipo.

Uchaguzi wa mota nao una hesabu yake, na mara nyingi hufanywa kwa kutazama ukubwa tu. Katika mfumo wa Power Functions, uliotoka mwaka 2007, mota ya M isiyo na mzigo huzunguka takriban mara 400 kwa dakika na kusimama kabisa inapokabiliwa na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya takriban nyutoni-sentimita 11; mota ya L huzunguka takriban mara 390 na kusimama kwenye 18; na mota ya XL huzunguka takriban mara 220 na kusimama kwenye 40. Anayetazama torki peke yake ataichagua XL bila kusita. Lakini uwezo wa mota kufanya kazi hupatikana kwa kuzidisha torki na mwendo pamoja, na kwa hesabu hiyo kilele cha XL ni takriban wati 2.3 dhidi ya takriban wati 1.8 za L, ingawa XL hujaza nafasi ya vinundu 5 kwa 5 kwa 6 na L ya 3 kwa 4 kwa 7 tu. Kwa maneno mengine, XL inachukua karibu maradufu ya nafasi ili kutoa robo tu ya ziada. Torki inayokosekana kwenye L huweza kuongezwa kwa gia, ilhali nafasi iliyomezwa na XL hairudi, na kwa hiyo mota ya L ndiyo inayofaa zaidi kwa ekseli inayokusudiwa kuwa ndogo, huku M ikifaa kwa malori mepesi yenye upana mdogo.

Sasa ndipo suala la upunguzaji linapopata uzito wake. Uwiano wa gia ni idadi ya meno ya gia inayosukumwa kugawanywa kwa idadi ya meno ya gia inayosukuma, na kila mara mwendo unapopunguzwa kwa uwiano fulani torki huongezeka kwa uwiano huohuo, ukiondoa kile kinacholiwa na msuguano. Mjenzi anayeweka upunguzaji wote karibu na mota huzalisha torki kubwa mwanzoni mwa safari, kisha huilazimisha ipite katika kila shafti, kila kiungo na kila gia iliyobaki hadi kwenye gurudumu. Mjenzi anayepunguza mwendo mwishoni huziacha shafti za kati zizunguke haraka zikiwa na mzigo mdogo, na torki kubwa huzaliwa pale tu inapohitajika. Kwa mfano, mota ya L inayofanya kazi kwa theluthi ya torki yake ya kusimama hutoa nyutoni-sentimita 6. Ikipita kwanza kwenye gia za meno 12 na 20, halafu kwenye gia za meno 8 na 24 zilizo kwenye gurudumu, magurudumu yatapata nyutoni-sentimita 30, lakini shafti iliyo katikati ya hatua hizo mbili haitawahi kubeba zaidi ya 10. Mpangilio ukigeuzwa ili upunguzaji wote wa 5 ufanyike kwenye mota, shafti ileile italazimika kubeba zote 30, na hapo ndipo plastiki inapoanza kujisokota.

Muundo unaotimiza kanuni hii kwa vipande vya kawaida ni ekseli ya lango, ambayo ndani yake shafti inayopeleka nguvu hupita juu ya kitovu cha gurudumu na kushuka kwa gia mbili zilizopangwa wima. Magari ya Unimog ya Ujerumani yalijipatia sifa kwa ekseli za namna hii, na seti ya LEGO Technic namba 8110 ya mwaka 2011, inayoiga Unimog U 400, ilizibeba pia, ingawa mota yake haikuendesha magurudumu. Mwaka uliofuata, seti namba 9398 iliyoiga gari la kupanda miamba ilitoka ikiwa na mota mbili za L za kuendesha magurudumu manne yenye upunguzaji wa lango, na mpangilio wake bado ni darasa zuri kwa anayeanza.

Ekseli ya nyuma isiyo na difu, yaani gia inayoruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa mwendo tofauti lori linapokata kona, ndiyo rahisi zaidi kuijenga, na inafaa ielezwe kwa ukaribu. Shafti ya juu yenye urefu wa vinundu 9 hulazwa kimkingamo, ikiwa na gia ya meno 8 karibu na kila ncha. Kila gia ya meno 8 hukaa kati ya boriti mbili zilizosimama, moja ya ndani na moja ya nje, na vinundu 2 chini yake, ndani ya boriti hizohizo, hukaa gia ya meno 24 kwenye shafti fupi yenye kikomo, ambayo ncha yake ya nje hupokea gurudumu. Kikomo hicho hutazama ndani, ili shafti isichomoke gurudumu linapovutwa. Katikati, kati ya boriti mbili za ndani, hubaki nafasi ya vinundu 3 tu, na humo gia ya meno 20 yenye meno ya mshazari hukaa upande mmoja wa mstari wa kati, na bushi hujaza upande mwingine. Gia ya meno 12 inayotoka kwenye mota huja kwa urefu wa lori, ikiwa kimo kimoja na shafti ya juu, na kitovu chake hukaa kinundu kimoja na nusu kutoka kwenye shafti hiyo. Nusu hiyo ndiyo huwachanganya wengi, kwa kuwa gia ikisukumwa hadi kinundu kamili huweza kubana au kuachia. Dawa yake ni nusu bushi moja nyuma ya gia, inayoizuia isirudi nyuma chini ya mzigo.

Gia hii ya meno 12 ndiyo sehemu dhaifu ya muundo wote, kwa sababu shafti yake haiwezi kuendelea mbele na kushikwa upande wa pili, kwani shafti ya juu imeziba njia. Kwa hiyo tundu linaloishika linapaswa kuwa mara tu baada ya nusu bushi, bila pengo lolote, na boriti yenye tundu hilo inapaswa kufungwa kwenye boriti za ndani kwa pini zisizopungua mbili kila upande. Gia za mshazari husukumana kando zinapobeba mzigo, na zikipata hata upenyo mdogo wa kusogea huruka meno kwa mlio wa tak-tak unaojulikana na kila mjenzi. Mlio huo si wa kupuuzwa, kwa kuwa kila mruko mmoja hula ncha za meno, na gia iliyokwisha kulika itaruka tena hata baada ya fremu kuimarishwa.

Faida ya pili ya lango huonekana chini ya lori. Tairi lenye kipenyo cha milimita 62.4 huweka kitovu cha gurudumu milimita 31 juu ya ardhi. Katika ekseli ya kawaida yenye difu ya meno 28, ukingo wa difu hushuka milimita 15 chini ya kitovu hicho, hivyo mwanya unaobaki ni milimita 16 tu. Difu hiyohiyo ikiinuliwa vinundu 2 kwa lango, mwanya wa katikati huwa milimita 32, yaani maradufu. Gia ya meno 24 pembeni hubaki na mwanya wa milimita 18, lakini iko jirani na tairi, na jiwe linalokanyagwa na tairi haliwezi kuigonga kwa urahisi kama linavyogonga tumbo la ekseli.

Njia ya kisasa zaidi ya kupunguza mwendo mwishoni ni kitovu chenye gia za sayari, yaani gia ndogo zinazozunguka gia ya kati ndani ya duara lenye meno. Kitovu hiki kilitoka mwaka 2019 katika seti namba 42099, na upunguzaji wake ni takriban 5.4 ndani ya gurudumu lenyewe. Ubora wake hauishii kwenye uwiano, kwani uzito wa lori hubebwa na kitovu na si na shafti, na hivyo magurudumu hayalali upande. Kwa mjenzi anayeweza kukipata, hakuna kipande kingine kinachorahisisha ekseli ndogo kiasi hicho. Hata hivyo, akikitumia anapaswa kuondoa upunguzaji mwingine karibu wote, la sivyo lori litatambaa kwa mwendo unaomchosha mwendeshaji.

Difu huingizwa na wengi kwa mazoea tu. Kwa lori la barabarani linalokwenda juu ya sakafu ngumu, difu ni ya lazima, kwa kuwa bila hiyo magurudumu huburuzwa kwenye kona na shafti hupata mkazo. Kwa lori la kupanda mawe na mchanga, difu iliyo wazi ni hasara, maana gurudumu moja likining'inia hewani mwendo wote huenda kwake na lile lililo ardhini husimama. Seti namba 42129 ya mwaka 2021, inayoiga lori la Mercedes-Benz Zetros, hulitatua tatizo hili kwa kufunga difu kwa rimoti, lakini utaratibu huo huhitaji mota nyingine na nafasi nyingine. Katika ekseli inayokusudiwa kuwa ndogo, uamuzi ulio bora ni kuiacha difu kabisa kwenye lori la ardhi mbaya, na kuitumia ile ya meno 28 ndani ya fremu ya vinundu 5 kwa 7 kwenye lori la barabarani, ambapo gia ya meno 12 na lango la 8 kwa 24 hutoa upunguzaji wa 7.

Swali la kama mota ikae ndani ya ekseli au kwenye chesi lina jibu ambalo halionekani mara moja. Mota ikiwa kwenye chesi, nguvu hupelekwa kwa shafti ya propela yenye viungo vya msalaba, ambavyo mafundi wa magari huviita krosi, na torki inayopita humo huisukuma ekseli nzima izunguke, kiasi kwamba gurudumu moja hukandamizwa ardhini na jingine hunyanyuliwa. Kadiri propela inavyobeba torki kubwa ndivyo msokoto huo unavyozidi, na hii ni sababu nyingine ya kuchelewesha upunguzaji. Mota ikifungwa ndani ya ekseli, torki hiyo na ukinzani wake humalizana ndani ya fremu moja, krosi hazihitajiki, na magurudumu yote mawili hukanyaga sawa. Uzito wa mota hukaa chini, jambo linalolisaidia lori refu lisipinduke kwenye mteremko. Kinachobaki ni ule msukumo unaotaka kuizungusha ekseli kuelekea nyuma magurudumu yanapovuta, nao huzuiliwa kwa mikono miwili ya chini na angalau mmoja wa juu, inayoiunganisha ekseli na chesi. Mkono wa juu ukisahauliwa, ekseli itajipindua chini ya lori mara ya kwanza linapokutana na ukuta.

Ekseli ya mbele huongeza ugumu wa usukani. Kanuni yake ni moja na haina msamaha: mhimili ambao gurudumu hugeuka juu yake lazima upite katikati kabisa ya krosi inayolipelekea gurudumu hilo nguvu, kwa sababu ukipishana hata nusu kinundu, shafti itavutwa na kusukumwa kila gurudumu linapogeuzwa, na mwishowe itachomoka. Mhimili huo unapaswa pia kuwa karibu iwezekanavyo na katikati ya tairi, na kwa hiyo rimu zenye shimo refu, zinazoruhusu kitovu kuzama ndani yake, ndizo zinazofaa. Mota ya usukani hukaa vizuri zaidi juu ya ekseli yenyewe kuliko kwenye chesi, ili mchezo wa springi usiyageuze magurudumu bila amri.

Lori lenye mota mbili, moja katika kila ekseli, huzua jambo linalosahauliwa mara nyingi hadi siku ya majaribio. Ekseli ya nyuma ikijengwa kama ya mbele kisha ikageuzwa, mota zake zitasukumana badala ya kusaidiana. Katika mifumo inayoongozwa kwa programu ya simu, mwelekeo hubadilishwa ndani ya programu, lakini katika Power Functions dawa iliyo safi zaidi ni kuihamisha gia ya meno 20 ya ekseli moja upande wa pili wa gia ya meno 12 na kubadilishana nafasi na bushi, kwani kufanya hivyo hugeuza mzunguko bila kuongeza kipande hata kimoja. Mota hizo mbili huweza kuunganishwa kwenye tundu moja la kipokezi, mradi mzigo usizidi, kwa sababu kinga ya umeme hukata mkondo mota zinapokwama. Betri 6 za AA za kawaida hutoa volti 9, ilhali zile za kuchajiwa za volti 1.2 hutoa 7.2, na kwa hiyo lori hupoteza takriban moja ya tano ya mwendo wake, jambo linalofaa kuingizwa kwenye hesabu za uwiano tangu mwanzo.

Kwa lori la kilo 1.5 lenye ekseli mbili za uwiano wa 5, mota za L na matairi ya milimita 62.4, hesabu hutoka hivi: mota zikifanya kazi kwa theluthi ya torki yake, magurudumu yote kwa pamoja huvuta kwa takriban nyutoni 19, na hata theluthi ya nguvu hiyo ikiliwa na msuguano hubaki karibu 13, wakati mteremko wa nyuzi 30 hudai nyutoni 7.4. Mwendo wake chini ya mzigo huo ni takriban mita 10 kwa dakika. Akiba hiyo si anasa, kwani ndiyo inayoizuia mota isisimame na kupata joto. Wengine hutafuta torki kwa gia ya parafujo, inayopunguza mwendo kwa kiasi kikubwa katika nafasi ndogo, lakini gia hiyo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwa msuguano na haikubali kusukumwa kutoka upande wa gurudumu, hivyo inafaa kwa winchi na haifai kwa magurudumu.

Ekseli iliyokamilika inapaswa kupimwa peke yake kabla ya chesi kuanza kujengwa. Kwanza, ikiwa bado haijafungwa mota, magurudumu yazungushwe kwa vidole. Yakigoma mahali pamoja katika kila mzunguko, kuna bushi inayobana au boriti iliyofungwa ikiwa imepinda, na kasoro hiyo irekebishwe hapohapo, kwa kuwa mota itaificha bila kuiondoa. Kisha mota ifungwe, chupa mbili za maji za nusu lita zifungwe juu ya ekseli ili kuipa uzito wa kilo moja, na magurudumu yasukume kitu kizito kisichosogea kwa sekunde chache tu. Ikiwa magurudumu yatateleza au mota itasimama kimya bila mlio wowote wa gia, ekseli hiyo iko tayari kubeba lori. Ikilia, irudishwe mezani na boriti iongezwe nyuma ya gia ya meno 12.